Maji ya Talita

Saint Paul, Minesota
21 Novemba 2010

Mpendwa Baba,

Kamwene. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lako lisikusumbue sasa mvua zinapoanza huko Igunda. Sisi hatujambo, ila baridi imeingia. Bwire ameteleza juu ya barafu mbele ya nyumba, akainuka haraka na kutazama huku na huku kama kuna aliyemwona. Nilimwona mimi, dirishani.

Mjukuu wako amefika! Ni msichana na tumemwita Talita, jina la Mama. Paji la uso ni lako, lile pana la mtu anayejiandaa kubisha. Wambui, Mkenya ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee, alitazama picha yako ukutani, akamtazama mtoto, akasema, "Huyu ni babu yake, wamemshrinki tu akawa mdogo." Nimecheka mpaka mshono ukauma.

Gauni jeupe la ubatizo, alilotushonea Mama, nimelipata kwa mkono wa wale wageni waliotoka kwenu. Nililifungua nikalia. Nilimkumbuka akilipiga pasi ya mkaa siku ya ubatizo wa mdogo wangu Alfred, akitupigia kelele tusipite karibu na majivu.

Sasa Baba, keti. Usiisome sehemu hii ukiwa umesimama.

Kanisani kwa kina Bwire watoto wachanga hawabatizwi. Huletwa mbele, kanisa likawaombea, wazazi wakaahidi kuwalea vema. Ubatizo unasubiri mpaka mtoto akue, aelewe, auombe mwenyewe kwa kinywa chake. Tumekubaliana kwamba Talita atasubiri. Bwire hakunilazimisha. Nimelifikiria miezi yote ya ujauzito, na nimeona ni jambo zuri mtu kumwendea Mungu kwa miguu yake. Najua litakuumiza, ndiyo maana naliandika mwenyewe kabla hujalisikia kwa wengine. Nakuomba usinikasirikie kabla hujafika mwisho wa barua, na mwisho wenyewe ndio huu: nakupenda sana.

Mwanao,
Ezelina


Igunda, Iringa
9 Januari 2011

Binti yangu Ezelina,

Salamu nyingi kwako, kwa mumeo, na kwa huyo mgeni wetu mwenye paji la uso. Mimi ni mzima. Goti linauma, asante kwa kuliuliza. Barua yako niliisoma nikiwa nimeketi kama ulivyoagiza, halafu nikajikuta nimesimama.

Ulipoposwa niliambiwa kijana ni Mmenoniti wa Musoma. Nilifurahi. Nilidhani Wamenoniti ni Walutheri wa upande wa Mara, kama ninavyowaona Wamoraviani kuwa Walutheri wa Mbeya. Wamisionari waligawana nchi hii, huku wakaja hawa, kule wakaenda wale, nami sikuona sababu ya kuuliza zaidi. Kosa langu hilo.

Sasa nimemwuliza mchungaji, akaniambia ndio wale wale. Wale gani, nikauliza. Wale wa kwenye ungamo! Mwanangu, nimekuwa mwinjilisti maisha yangu yote, nimefundisha watoto wa kipaimara mpaka wajukuu wa wanafunzi wangu wa kwanza. Wote niliwakaririsha ungamo letu la imani, na ndani yake mna mahali tunapowalaani wanaokataa kubatiza watoto wachanga. Hata wewe ulipakariri, tena bila kukwama. Wala sikuwahi kujiuliza hao ni akina nani. Nilidhani ni watu waliokwisha zamani huko Ujerumani, sisi tunaendelea kuwalaani kwa mazoea tu. Kumbe wapo, wanakaa Minesota, na mmoja ni mkwe wangu.

Nikuulize. Mtoto huchagua kunyonya? Alichagua jina? Mlipompeleka kuchanjwa mlisubiri aombe kwa kinywa chake? Mema yote mnampa kabla hajajua kuyaomba, isipokuwa hili lililo kubwa kuliko yote. Hapo ndipo mnaponishinda.

Mwezi wa sita nitakuja. Usharika rafiki wa huko Oakdale wamealika watu wa kwetu, na jina langu limo. Nitalala kwao siku za mikutano, siku nyingine nitakuwa kwenu. Gauni liwe limefuliwa.

Sijakasirika. Nimeshangaa tu, kwa sauti kubwa.

Baba yako,
Zabroni


Saint Paul
20 Machi 2011

Baba mpendwa,

Kamwene tena. U hali gani, na jirani zetu wote wanaendeleaje? Sisi ni wazima. Talita anakaa mwenyewe kidogo, kisha anapinduka upande, kisha anakasirika kama kuna aliyemsukuma. Tumefurahi mno kwamba unakuja. Bwire amekwishatafuta kiti kirefu kwa ajili ya goti lako.

Gauni limefuliwa. Sijasema litavaliwa.

Nikusimulie kitu. Kazini kuna bibi ninayemhudumia, Bi Lorraine. Ana zaidi ya miaka tisini, na kumbukumbu yake inanishinda mimi. Nikimwosha miguu na kumpaka mafuta huwa anacheka, ananiambia, "Unajua kwetu hii ni ibada?" Kumbe naye ni Mmenoniti, wazazi wake walikuwa wakulima kusini mwa jimbo hili. Katika juma la mateso huoshana miguu kanisani, wakubwa kwa wadogo, kama Bwana alivyofanya. Nikamweleza habari zako na za ungamo. Hakukasirika. Aliniambia nikae, akanieleza hao tunaowalaani walikuwa akina nani.

Ilikuwa Zurich, nchi ya Uswisi, karibu miaka mia tano iliyopita. Vijana walikuwa wakisoma Biblia pamoja na mwalimu wao, naye ndiye aliyekuwa akilitengeneza kanisa la mji. Wakasoma mpaka wakampita. Wakaona kwamba wao wenyewe walibatizwa wachanga, bila kujua lolote, kwa hiyo wakakutana nyumbani kwa mmoja wao na kubatizana upya. Maji kidogo tu, Baba, ya kumwagia kichwani. Wakuu wa mji wakatoa amri kwamba atakayebatiza tena atazamishwa mtoni afe. Anataka maji, apewe maji.

Wa kwanza kuzamishwa pale Zurich alikuwa kijana aitwaye Feliksi. Walimfunga mikono magotini, wakamtia mashuani, mwezi wa Januari. Na mama yake alikuwepo, amesimama ukingoni. Hakumwambia mwanawe aombe radhi ili apone. Alipaza sauti ashikilie alichoamini. Feliksi akaingia majini akiimba.

Bi Lorraine alisema kila akifika hapo humfikiria yule mama kuliko mwana. Mimi nilikufikiria wewe. Ungekuwa ukingoni, Baba, ungepaza sauti useme nini?

Njoo salama. Lete njegere kavu kama watakuruhusu uwanja wa ndege.

Mwanao,
Ezelina


Saint Paul
17 Julai 2011

Baba,

Natumaini ulifika nyumbani salama na safari haikukuchosha sana. Sisi tuna afya.

Sijui niandikeje, kwa hiyo nitaandika kama ilivyo. Nilikuachia mtoto wangu. Mimi nilikuwa kazini, Bwire yuko kwenye kazi yake ya ghalani huko Shakopee, na wewe ulisema nendeni, mimi nimelea watoto kabla yenu. Bwire aliporudi alikukuta jikoni, bomba linatiririka, Talita yuko mkononi mwako juu ya sinki, amevaa gauni la Mama, kichwa kinachuruzika maji. Akakusikia unasema "na la Roho Mtakatifu." Alisikia hayo tu, lakini yanatosha.

Ulimwambia mtoto alikuwa na homa kali na umefanya ubatizo wa dharura, kama mwinjilisti anavyoruhusiwa penye hatari ya kufa. Baba! Ilikuwa homa ya meno. Kesho yake jino lilichomoza.

Na unajua Bwire alisema nini ulipokwisha kuondoka kurudi kwa wenyeji wako Oakdale? Hakupiga kelele. Alikaa na gauni lililolowa mapajani, akasema, "Mtu mwenye dharura hafungi vifungo." Vilikuwa vimefungwa vyote, Baba, mpaka cha shingoni.

Naumia kwa sababu ulitushinda kwa ujanja, na hukuwa mjanja kamwe. Ungebishana nasi mezani mpaka kuche, tungekuheshimu. Watu wa Bwire walikufa wakidai kitu hiki kimoja, kwamba mtu aombe mwenyewe. Umemchukulia Talita siku yake.

Bwire hasemi neno baya juu yako. Hasemi neno lolote juu yako. Hilo ndilo linalonitisha. Niandikie, niambie kwa nini. Nisipoelewa sitajua la kumwambia, wala la kujiambia mwenyewe.

Ezelina


Igunda
4 Machi 2012

Mwanangu Ezelina,

Natumaini bado mnapumua vizuri na Talita anatembea. Mimi nipo. Nimechelewa sana kukujibu, na si kwa sababu ya posta. Nilianza barua nyingi, zote zikaanza kubishana, nikaziwashia moto wa chai.

Umeuliza kwa nini. Unajua kwamba kabla yako na Alfred tulikuwa na mtoto wa kwanza akafariki. Hilo tu ndilo tulilowaambia. Mama yako hakutaka lisemwe zaidi, nami nilimtii mpaka akazikwa.

Alizaliwa mwaka wa sitini na sita, masika. Alikuwa mvulana. Siku ya pili akapata homa. Mchungaji siku hizo alikaa mbali, alikuja kwa mwezi mara moja, na mto ulikuwa umejaa. Nilikwenda mpaka mtoni nikarudi. Mtoto akafa kabla ya jua kuchwa. Wazee wa wakati ule wakasema hakubatizwa, hana jina kanisani. Kwa hiyo hatukupewa nafasi katika makaburi ya Wakristo, na kengele haikupigwa. Unajua kwetu mtu akifa kengele hupigwa, watu hutupa majembe, huja na kuni na unga, hukaa nawe. Kwetu hakuja mtu. Wengi hawakujua hata kwamba tumefiwa. Tulimzika wawili, nyuma ya shamba la njegere, kisha mama yako akaenda kuteka maji kwa sababu ndani hayakuwepo.

Miaka minne baadaye nikaenda chuo cha uinjilisti. Mwalimu akatufundisha kwamba penye hatari ya kufa Mkristo yeyote anaweza kubatiza. Yeyote, hata kwa maji ya kikombe. Nikatoka darasani. Siku ile mtoto akikata roho, Ezelina, mtungi ulikuwa umejaa, nami nilikuwa nimekaa kando yake. Maji yale ndiyo tuliyomwoshea maiti.

Sasa fikiria siku ile, nipo jikoni kwako, nchi ya watu, simu yako sijui kuitumia, na mjukuu mwenye jina la mke wangu anachemka mikononi. Bwire amesema kweli kuhusu vifungo. Nilimvisha gauni nikijua ninachofanya. Lakini sikuwa namwona Talita peke yake.

Sisemi najuta. Ningekuwa pale tena, mtoto ana homa, sijui. Nimekuambia kweli, basi.

Baba yako


Saint Paul
13 Mei 2012

Baba yangu,

Kamwene, na pole. Pole kwa huyo kaka yangu. Nimechelewa miaka mingi kukupa pole hii, lakini ipokee. Goti je? Talita anakimbia, anaelewa Kiswahili chote, anajibu kwa Kiingereza. Ukimkataza kitu tu ndipo anaposema "mbona" vizuri kabisa.

Barua yako nilimsomea Bwire. Nilipofika kwenye mtungi sikuweza kuendelea, akaichukua akamaliza mwenyewe. Akatoka nje akaondoa theluji iliyokuwa imeanguka, theluji ya mwisho, ambayo ingeyeyuka yenyewe adhuhuri. Aliporudi akauliza, "Mtoto aliitwa nani?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Tangu aondoke ninamwona mzee aliyenidharau. Kumbe alikuwa anaogopa." Hajasema amesamehe, Baba, na sitamsemea. Ila jioni ile alikutaja katika sala ya chakula, kwa mara ya kwanza tangu jikoni.

Jingine. Bi Lorraine amefariki wiki mbili baada ya Pasaka. Alhamisi Kuu tulimpeleka kanisani kwa kiti cha magurudumu, nami nikamwosha miguu, safari hii kwa ibada. Siku moja kabla hajafa aliniuliza kama mimi najua kwamba Walutheri waliwaomba msamaha. Nikasema sijui. Akasema ilikuwa mwaka 2010, huko Stuttgart. Wajumbe wa Walutheri wa dunia nzima waliomba msamaha kwa Mungu na kwa Wamenoniti, kwa mateso yale ya zamani na kwa kuendelea kuwasema vibaya. Wengi walipiga magoti. Wamenoniti wakawapa zawadi, beseni la mbao la kuoshea miguu.

Nikamwuliza alijisikiaje. Akasema, "Nilijiuliza nimsamehe nani, waliofanya hawapo na waliofanyiwa hawapo. Kisha nikalia siku nzima, kwa hiyo nadhani kuna mtu nilimsamehe."

Mwaka huo huo wa 2010, Baba. Talita alikuwa tumboni. Sikuagizi chochote, nimeona tu ujue.

Mwanao,
Ezelina


Igunda
2 Septemba 2012

Binti yangu,

Salamu kwako, kwa Bwire, na kwa mwenye "mbona". Tumevuna vizuri. Pole kwa kuondokewa na bibi yako huyo. Ningependa kubishana naye.

Uliponiandikia juu ya Feliksi nilijisemea, hao walikuwa Waswisi, sisi hatumo. Safari hii nilichukua fimbo nikapanda mpaka kwa mchungaji. Nikamwuliza habari za Stuttgart, ni kweli? Ni kweli, akasema, hata Waafrika walikuwepo. Nikamwuliza, basi na sisi tuliua? Akatazama chini. Walutheri nao waliua, akasema, kwa upanga na kwa maji, na wakubwa wetu waliandika kwamba ni haki.

Nikamwambia, "Mchungaji, mbona hamkututangazia? Mnatutangazia mpaka mbuzi aliyepotea!"

Jumapili iliyofuata alitangaza. Nami nilipewa nafasi niseme na watoto wa kipaimara. Walipofika pale pa laana, niliwasimamisha. Niliwaambia hao ni watu, wana nyimbo, wanaosha miguu ya wazee wao, na mjukuu wangu anakua nyumbani kwao. Mtoto mmoja akauliza, "Sasa Babu, tukariri au tusikariri?" Nikamwambia akariri, halafu awaombee.

Sasa la kwetu. Nimelifikiria mpaka kichwa kimechoka. Maji niliyomwagia Talita siwezi kuyarudisha bombani, na nikikwambia sikuyaamini nitakuwa mwongo. Lakini nitanyamaza. Siku mtoto atakapoomba ubatizo kwa kinywa chake, sitasema amekwisha kubatizwa. Sitasema kwa mchungaji wake, sitasema kwake, wala sitanung'unika. Kwa mwinjilisti wa Kilutheri hilo si dogo. Mwambie Bwire. Tena mwambie ninaomba anisamehe. Si kwa kuogopa. Kwa vile vifungo.

Ikiwezekana aje. Kuna jambo haliandikiki.

Baba yako,
Zabroni


Igunda
25 Agosti 2013

Mwanangu Ezelina,

Watu wako wameondoka jana na nyumba imepoa. Watafika kwako kabla ya barua hii, na Bwire atakusimulia kwa maneno yake manne kama kawaida. Mimi nitakupa mengine. Wewe usijilaumu kwa kushindwa kuja. Tumbo hilo la pili lina kazi yake. Jitunze, ule.

Alipofika alinisalimu kwa heshima zote, ameinama, amekaa mbali, kama mkwe anavyopaswa. Siku mbili tulizungumza habari za mahindi. Talita ndiye aliyekuwa akitembea katikati akituletea mawe. Siku ya tatu Bwire akasema, "Baba, naomba unioneshe mtoto alipolala."

Nikampeleka nyuma ya shamba la njegere. Hakuna alama, ila mimi najua. Akavua kofia. Nami nikaanza kueleza tena habari za mto na mchungaji, kana kwamba yeye ndiye hakimu. Akanikatiza. Akasema, "Baba, kwetu hakuna mtoto mchanga aliyewahi kuwa nje. Wote ni wa Mungu, mwenye maji na asiye na maji. Huyu hajakuwa nje hata siku moja."

Ezelina, nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Nimelaani watu hawa ujana wangu wote na uzee wangu, kumbe wao ndio walikuwa na neno nililolihitaji mwaka wa sitini na sita.

Akaniuliza jina. Nikalitaja, sikuwa nimelitaja tangu mama yako afe. Tulipanga kumwita Lukelo. Akaniinua, akauliza nani anapiga kengele siku hizi.

Mchungaji alikubali bila kuuliza mara mbili. Bwire akavuta kamba mwenyewe. Watu wakaacha kazi, wakaja mbio wakiuliza nani amekufa. Nikasema, mwanangu. Wakashtuka, Alfred? Nikasema hapana, Lukelo, wa kwanza. Alikufa lini? Nikawaambia. Nilidhani watanicheka na kurudi zao. Hakuna aliyerudi. Walileta kuni, mwanangu. Walileta unga na maharage, wanawake wakatandika mikeka, tukakaa msiba siku mbili kamili kwa mtoto ambaye angekuwa na mvi. Wazee wenzangu walikuja mmoja mmoja wakanishika mkono, na mmoja ambaye baba yake alikuwa mzee wa kanisa enzi zile alilia kuliko mimi.

Watu walipotawanyika nikaomba beseni. Unajua kwetu mkwe na baba mkwe hawagusi hata kiti cha mwenzake. Bwire alipoona nakuja na maji akaruka kama amekanyaga siafu. Nikamwambia, kaa, nyinyi si ndio wenyewe wa ibada hii? Nikapiga goti, lile bovu. Nikamwosha miguu yote miwili, na kati ya vidole. Alilia, akasema, "Yamekwisha, Baba." Kisha akachukua beseni akaniosha mimi, na ilibidi anivute kuniinua, tukacheka kama wajinga. Majirani walichungulia kwenye ua. Wasimulie wanavyotaka.

Baba yako


Saint Paul
15 Septemba 2019

Baba mpendwa,

Kamwene. Tunakuombea wewe na goti lako lile lile la miaka yote. Talita na mdogo wake Zabroni ni wazima. Huyo wa jina lako juzi amebishana na mwalimu kuhusu mawingu.

Talita ameniomba nafasi chini ya barua hii. Ni yeye aliyechagua Kiswahili, sikumsaidia. Habari za jikoni hatujamwambia. Bwire anasema ni zako kusema au kunyamaza.

Mwanao,
Ezelina

*Babu kamwene. Mimi nataka batizwa. Si sasa, nikiwa mkubwa kidogo, Baba anasema fikiria kwanza. Nafikiria. Itakuwa kwa ziwa, maji ni baridi sana. Wewe utakuja? Gauni ya Bibi ni ndogo kwangu, nimevalisha mdoli. Pole na goti. Talita*


Igunda
27 Oktoba 2019

Wapendwa wangu, Ezelina na Talita,

Nimepokea salamu zenu, nami nawarudishia maradufu. Ni mzima kiasi cha mtu wa umri wangu. Kengele bado wananiachia nipige mara moja kwa mwaka, masika, na watu wamezoea. Hawaulizi tena nani, wanakuja na kuni.

Talita, barua yako nimemsomea kila aliyepita njiani. Mwulize mdoli wako kama yeye aliombwa ridhaa kabla ya kuvalishwa. Fikiria vizuri kama baba yako anavyosema, ila usifikirie mno. Babu yako hazidi kuwa kijana.

Ezelina, ya jikoni sitayasema mimi, niliahidi. Akiwa mtu mzima mwambieni ninyi, na mseme babu yake aliogopa.

Zamani uliniuliza jambo, kabla ya mambo yote, nami sikukujibu. Uliuliza ningekuwa ukingoni ningepaza sauti niseme nini. Sasa nina jibu. Nitakuja. Mtaniwekea kile kiti kirefu karibu na maji, na blanketi, maana ziwa lenu nalijua. Bwire akimshika mkono kumwingiza, nitasimama. Nitaita kwa nguvu zangu zote, Walutheri wote wa Oakdale wasikie: "Ingia, Talita! Ingia, mwanangu, shikilia!"

Babu yako, na baba yako,
Zabroni